Wifi Dobrina na Vitabu Vitatu vya Minko

Wifi yangu Dobrina hakuwahi kumaliza kitabu maishani mwake hadi mume wake alipoanguka kwenye matuta ya nyanya. Simsengenyi, mwenyewe angekwambia hivyo hivyo. Alishona kola za mashati kiwandani tangu usichana hadi pensheni, na akimwona mtu kainamia kitabu alikuwa akimwuliza kama amepoteza kitu humo ndani.

Msomaji alikuwa Minko, mdogo wangu wa tumbo moja. Alikuwa akibadilisha njia za treni pale stesheni yetu, na kati ya treni na treni mtu hana la kufanya ila kuhesabu nzi au kusoma. Minko akasoma. Alisoma hadi akawa hawezi kusikia kosa akalala. Useme mbele yake kwamba mfalme fulani alifia vitani, kidevu kinapanda, ulimi unagonga meno: "Ntsk." Kwetu hapa hivyo ndivyo mtu anavyosema hapana, kila mtu anayo, lakini ya Minko haikuwa na breki. Dobrina akisimulia harusi, walichinja kondoo watatu, "Ntsk." Akisema mvua ilinyesha Jumanne, "Ntsk." Hata kwenye msiba wa mama yetu, padri alikosea mwaka aliozaliwa marehemu, na Minko akamgongea ulimi mbele ya jeneza.

"Iko siku nitaung'oa huo ulimi, Stoyna," Dobrina alikuwa akiniambia, "niukaange na vitunguu."

"Ukiukaanga niite," nami namjibu. "Nitakuja na mkate."

Kisha mwisho wa kiangazi kiharusi kikamwangusha bustanini, kikachukua upande wake wa kulia na maneno yake yote. Pale hospitali ya mkoa alilala akiangalia dari, na ukimwita hageuki. Daktari Velinova, mwanamke mwembamba anayezungumza polepole, alitusimamisha koridoni mimi na wifi akatueleza bila kuzunguka. Alisema kuna hospitali ya chemchemi za maji moto huko bondeni, wanafundisha watu kutembea na kusema upya, lakini wanampokea tu mgonjwa anayeelewa anachoambiwa.

"Nikimwambia fumba macho, hafumbi," akasema. "Nikimwambia finya mkono wangu, hafinyi."

"Na asipoelewa?" nikauliza.

"Itabidi aende kwenye nyumba ya wagonjwa wa kitandani wasiotarajiwa kupona, ng'ambo ya mlima."

"Huko wanawafanya nini?"

"Wanawatunza," akasema, akatazama viatu vyake. "Nitamshikilia hapa kadiri nitakavyoweza. Zungumzeni naye. Msimnyamazie."

Dobrina alitoka pale akitembea kama mtu anayefukuzwa. Kwenye ngazi akasimama, nikamgonga mgongoni. "Nizungumze naye nini, wifi?" akaniuliza. "Maisha yote msemaji ni yeye. Mimi kazi yangu ni kukosolewa."

Nyumbani akakuta vitabu vitatu kando ya kitanda, vyote vya maktaba ya mji, vyote vimeachwa katikati. Kimoja kimewekewa alama kwa tiketi ya treni, cha pili kwa unyoya wa kuku, cha tatu kwa soksi, Mungu amsamehe. Dobrina akavibeba vyote. Kusoma kwa sauti mbele za watu aliona haya, kwa sababu husoma akifuata mstari kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Basi mpango wake ukawa kusoma peke yake, kisha kwenda kumsimulia Minko.

Lo, kusoma gani kule! Cha kwanza alikianza jikoni akakiacha juu ya jokofu. Akashika cha pili uani, nikakikuta juu ya banda la kuku. Cha tatu akakisoma kwenye basi la kwenda hospitali, akapitiliza kituo. Kati ya sentensi na sentensi anainuka kwenda kuangalia jiko ambalo hata halijawashwa, anarudi, anafungua kitabu kingine kabisa.

"We mwanamke, kiti kina miiba?" nikamwuliza.

"Miiba ni mimi mwenyewe," akajibu, na akaondoka kwenda kuangalia geti.

Kimoja kilikuwa cha mambo ya ajabu. Msichana amebeba kengele, anavuka nchi ya theluji, na chini ya kinu cha maji limelala joka zee lisilo na meno. Dobrina alikichukia tangu mwanzo. "Kurasa mia mbili watu wanatembea tu, hakuna aliyeota malengelenge," aliniambia. "Hakuna aliyefua nguo. Na mkate wanautoa wapi?" Lakini kesho yake nikamkuta ameegemea sinki analia hadi mabega yanatikisika. Nikajua hospitali wamepiga simu.

"Nini? Sema, nini?"

"Joka limekuwa pofu," akasema.

Nilimtukana matusi ambayo siwezi kuyarudia hapa. Alingoja nimalize, akajifuta kwa aproni. "Najua ni uongo, wifi. Mtu mzima kaketi mezani katunga. Sasa kwa nini joka nimelilia, na Minko sijaweza kumlilia hata tone? Hebu niambie. Kifua kimejaa na hakitoki kitu."

Nikampa kitambaa cha vyombo.

Kingine kilikuwa cha mauaji. Mtawa mtunza ghala la mvinyo amekutwa amekufa kati ya mapipa, na kila aliyeulizwa anadai alikuwa mahali pengine. Hicho ndicho kilichomharibu. Alianza kushuku watu, wala si wa kitabuni tu: muuza nyama kwa nini anafunga mapema, jirani yetu Radka kwa nini amechimba shimo nyuma ya choo. Mwanzoni nilicheka sana. Kisha siku moja tukiwa tunamenya pilipili za kuchoma uani kwangu akaniuliza ghafla, "Wifi, mimi nilikuwa wapi?"

"Wapi, lini?"

"Alipoanguka. Nilikwenda kwa Radka kuomba chupa tupu. Nikakaa. Akanipa kahawa, nikanywa. Nikanywa na ya pili. Kwenye kitabu wangeniuliza: bibi, kahawa ya pili ilikuwa ya nini?"

"Ilikuwa ya kunywa!" nikapaza sauti. "Niondolee uchuro hapa. Kahawa si kisu."

"Humo kitabuni lazima awepo mwenye kosa. Hawakifungi mpaka apatikane."

"Humo ni humo. Hapa kuna mshipa wa damu, na kuna mwanamume mbishi aliyekataa kuvaa kofia juani."

Aliendelea kumenya, maganda meusi yakimnata vidoleni, na macho yake yalikuwa kwenye matuta yao ya nyanya, ng'ambo ya uzio.

Cha tatu, cha soksi, kilikuwa cha historia, na ndicho Minko alichokuwa akikipenda zaidi. Jemadari Voislav amejifungia ngomeni na watu wake, jeshi la Konstantinopoli limewazingira, ghalani ngano inakwisha. "Hiki kinanimaliza," alisema Dobrina. "Hawa watu walishakufa zamani. Ngome ilianguka, hata kwenye jalada la nyuma wameandika. Na mimi nasoma mbio mbio, kama vile nikiwahi nitawafungulia mlango wa nyuma watoke."

Huko hospitali kitanda cha jirani alilala mzee Yumer, mkulima wa tumbaku wa vijiji vya kusini, nyonga imevunjika lakini mdomo mzima kabisa. Dobrina anamsimulia Minko, Minko anaangalia dari, Yumer ndiye anayejibu.

"Shemeji, na yule mtawa mfuga nyuki? Mimi namshuku yeye."

"Kwa nini?"

"Kaka yangu alifuga nyuki. Mwongo yule, sijaona."

Siku nyingine ananyoosha mkono kabla Dobrina hajavua koti. "Shemeji, leo usiniangushie ngome, tafadhali. Leo wananichoma sindano ya uti wa mgongo. Nipe msichana wa kengele." Dobrina anampa msichana wa kengele. Akimaliza anamwinamia mumewe, anamwuliza kama amesikia, anamshika kidevu, anamgeuzia uso kwake. Hakuna. Daktari akipita anasema finya mkono, Minko. Hakuna. Mtoto wao anayeendesha lori huko Uhispania anapiga simu, tunamwekea baba yake simu sikioni, kijana anaita baba, baba. Hakuna.

Mwishoni mwa juma moja daktari akatuambia kitanda kinahitajika, na Jumatatu itabidi aamue.

Na Jumamosi hiyo, kama bahati mbaya, ndiyo tulikuwa tunapika lyutenitsa. Pilipili na nyanya za nyumba tatu, yangu, ya Dobrina na ya Radka, zilikuwa zimesagwa ziko motoni uani kwenye sufuria ya kumtosha mtu kuoga. Lyutenitsa haitaki utani. Mwiko hauachi kuzunguka. Ukisimama, ukoko unashika chini, na ukoko ukishika, moshi unapanda hadi juu. Na hicho ndicho kitu chako cha kupaka kwenye mkate majira yote ya baridi. Zamu ilikuwa ya Dobrina. Mimi na Radka tulikuwa tunaosha chupa. Nilimwona mkono mmoja ameshika mwiko, mkono mmoja ngome.

"Wifi, weka hicho kitabu."

"Ukurasa huu tu. Wanaleta ngazi."

Harufu ndiyo iliyotuita. Tulipofika, mwiko umesimama wima peke yake katikati ya sufuria, na Dobrina ameketi kwenye gogo, kitabu magotini, machozi yamefika kidevuni.

"Mama Bikira! Dobrina! Chakula cha nyumba tatu!" Radka alishika kichwa. Mimi nilishika kila nilichoweza kukisema. Nilimwambia hana akili wala haya. Nilimwambia mdogo wangu yuko hoi kitandani na yeye anacheza na wafalme waliooza.

Akasimama. Akauchomoa mwiko, nikadhani ananipiga nao.

"Sichezi mimi!" akafoka. "Nimemsimulia yote! Msichana, watawa, ngome, yote! Kila siku nakibishia hodi kile kichwa kama ombaomba mlangoni, na hakuna anayefungua! Jumatatu wanampeleka ng'ambo ya mlima. Sijui niseme nini tena, Stoyna. Wewe mwenye mdomo, hebu niambie niseme nini!"

Radka alijifanya anakoroga. Mimi, mwenye mdomo, nikaenda kuleta chupa. Tuliitia lyutenitsa kwenye chupa hivyo hivyo na moshi wake, kwa sababu kumwaga pilipili za nyumba tatu ni dhambi.

Jumatatu kwenye basi alikuwa na vitabu vyote vitatu mapajani. Anafungua hiki ukurasa mmoja, anafunga, anafungua kile, midomo inacheza. Usingizi hakuupata, ungeona tu. Alikuwa ameamua kwamba kabla hawajamchukua, Minko atasikia yote yaliyobaki kwa pamoja. Kwenye mkoba alikuwa na chupa moja ya lyutenitsa iliyoungua, sijui ya nini.

Daktari Velinova alikuwa ameshafika chumbani. Alimwinamia Minko akamwomba afumbe macho. Akamwomba afinye mkono. Akanyooka, na nikaliona jibu usoni mwake kabla hajafungua kinywa.

"Bibi Dobrina, samahani sana."

"Nimwambie tu vitabu vinavyoishia," akasema Dobrina. "Sitakawia. Mtu haondoki hajui mwisho."

Daktari akatazama mlango, kisha akaenda kuegemea dirisha.

Dobrina akaanza, na akaanza kwa kasi ya treni, hapumui. "Haya, Minko. Voislav yuko juu ya lango. Mkate umekwisha, wamekula farasi. Chini wameleta ngazi, wameleta na mashine za kurusha mawe. Anawaambia watu wake, anayetaka kutoka atoke, mimi sitoki. Hakuna anayetoka. Ngazi ya kwanza inagusa ukuta, kengele inalia, na chini ya lango joka linaamka—"

"Joka?" akasema Yumer.

"Joka, ndiyo! Linaamka, na upofu wake, linapapasa ukuta—"

"Shemeji, wallahi juzi ngomeni hapakuwa na joka."

"Lilikuwepo, lilikuwa limelala!" Uso ulikuwa mwekundu, macho hayaoni mtu. Nadhani hata hakujua ameshavuka kutoka kitabu kimoja hadi kingine. Nilitaka kumshika mkono, nikashindwa. "Linapanda langoni, linawapulizia moto, ngazi zinaungua, jeshi lote la Konstantinopoli linakimbia linaacha viatu! Na ngome haianguki! Haianguki, Minko! Watu wote wanapona!"

"Ntsk."

Nilidhani ni Yumer. Nikageuka nimpe maneno yake, nikamkuta kinywa wazi, kidole amekielekeza kitanda cha Minko.

"Inaweza kuwa misuli tu," akasema daktari kwa sauti ya chini, lakini dirisha alikuwa ameshaliacha. "Mwambie kitu kingine."

Wifi yangu ana kasoro nyingi, ila ujinga si mojawapo. Akamsogelea mumewe akasema taratibu, "Ngome ilianguka kwa sababu mfuga nyuki alimuua mtunza ghala."

"Ntsk." Safari hii kidevu kilipanda pia. Kidogo, upande mmoja tu, lakini kilipanda.

"Sasa mwambie jambo la kweli," akasema daktari.

Dobrina akafikiri. "Nimeunguza lyutenitsa ya nyumba tatu."

Tukasubiri. Kimya. Kidevu hakikusogea. Yumer alikuwa ameshika pumzi kama anapigwa picha.

"Lakini Stoyna hakukasirika," akaendelea Dobrina. "Alinibembeleza kama mama."

"Ntsk!"

Hiyo ilisikika hadi koridoni. Yumer alicheka huku akilia na nyonga yake, akiomba tumwache, tutamuua. Daktari Velinova alikaa ukingoni mwa kitanda, akamtazama Minko machoni, na macho ya Minko yakatoka darini yakamtazama yeye, kwa hasira kidogo, kama alivyomtazama padri.

"Mkono hautii bado," akasema daktari. "Lakini anasikia, na anafuata hadithi kuliko mimi. Atakwenda kwenye maji moto. Nawapigia simu sasa hivi."

Nilitoka nje, kwa kuwa sikutaka Minko anione nilivyokuwa. Tangu utotoni akinikuta nalia hunitania mwezi mzima. Nilikaa kwenye benchi hadi uso ukakauka. Kisha nikakumbuka mkoba wangu umebaki ndani, nikarudi.

Mlango ulikuwa wazi nusu. Yumer amegeukia ukutani anajifanya amelala, mkononi kipande cha mkate, na chupa ya lyutenitsa iko wazi mezani kwake. Dobrina alikuwa ameketi. Sijui kama mnanielewa: ameketi, mgongo umeegemea kiti, miguu imetulia. Vitabu vilikuwa sakafuni, vyote vitatu vimefungwa. Mdomo wake ulikuwa karibu na sikio la Minko, na hakujua kwamba nimesimama pale.

"Nilikunywa kahawa ya pili kwa Radka," alikuwa akisema. "Ndiyo maana nilichelewa. Wewe uko chini kwenye jua, mimi nakunywa kahawa. Ni kosa langu, Minko."

"Ntsk."

Kisha akarudia polepole, neno moja moja, kama mtu anayefuata mstari kwa kidole. "Ni kosa langu."

Minko akainua kidevu, akagonga ulimi tena. Ndipo wifi yangu akalia, na mimi nikauvuta mlango.